Mzinga

Nilianza na neno moja, nikaliandika kwa herufi kubwa:
Mzinga.
Chini yake mwenye mzinga, mti, kundi la nyuki, kilo,
vyote humo humo, kama msafiri asiye na begi la pili.
Nikafunga kompyuta, nikanunua karanga stendi ya Sikonge,
nikajiona fundi.

Chuoni nilikariri ruwaza kama jedwali la kuzidisha:
Kiwanda, Mtazamaji, Mjenzi, Pweke.
Nikazitafutia kazi kabla sijaijua kazi yenyewe.
Nilijenga Kiwanda cha kuzalisha mizinga
mahali ambapo mzinga hubanduliwa gome la mtundu
na watu wawili, panga, na asubuhi moja.

Aprili nyuki wa Lugusha wakahama.
Katibu akabonyeza Futa. Mzinga hauna nyuki, wa nini?
Mfumo wangu, mtiifu, ukafuta mzinga,
ukafuta kundi, ukafuta mti,
ukafuta kilo sabini na mbili
zilizokwisha kupimwa, kupakiwa, kuliwa na watu wa mbali.
Siku ya malipo Lugusha alisoma jina lake na sifuri pembeni.
Hakugomba.
Aliuliza tu kama sifuri ile ni yake peke yake
au tumegawana.

Nyamizi wa mizani ndiye aliyegomba.
Alifungua daftari lenye kona zinazonata nta:
"Mzinga upi unaousema wewe?
Kwangu mzinga ni alama iliyochongwa ubavuni.
Lugusha ni mistari mitatu na jicho.
Utoe kwenye mtundu, utundike kwenye mninga, ni uleule.
Nyuki ni wageni, na mgeni akiaga hatubomoi nyumba.
Asali nayo ikishapanda mizani si ya mzinga tena,
ni jambo lililotokea.
Unalifutaje jambo lililotokea?"

Mhasibu akadakia dirishani:
kwake mzinga ni rehani ya mkopo, hata ukiwa mtupu.
Afisa nyuki akasema yeye huhesabu makundi,
miti na majina ya watu havimhusu.
Dereva wa lori, ambaye hakuulizwa,
akasema mzinga anaoujua yeye
ni ule anaopigwa na shemeji yake kila Ijumaa.

Tukacheka. Mimi nikaacha kabla ya wenzangu.
Neno moja, vinywa vinne,
na wote nilikuwa nimewapa kigoda kimoja.

Usiku umeme ulikatika, nikachora kwa kalamu
nyuma ya fomu za ushuru.
Porini mzinga wake, wenye alama.
Kwa mhasibu mzinga wake, wenye thamani.
Kwa afisa kundi, basi.
Kati ya vyumba mlango, na mlangoni mkalimani
asiyeruhusu neno lipite na matope ya chumba kingine.
Asali nikaipa kilo, tarehe, alama,
nikaifunga kama risiti: isomwe, isiguswe.
Kiwanda nilikivunja, mistari mia tatu na kumi,
wala hakikuniuma nilivyodhani.
Mtazamaji alibaki, maana kweli yupo wa kuambiwa:
mizani ikitulia, mhasibu ajue.
Pweke sikumpatia nafasi.
Ghala zima hakuna kilicho kimoja,
hata mizani ziko mbili, na hazikubaliani.

Lugusha alilipwa Jumanne.

Nilimwonyesha Nyamizi kioo, nikingoja sifa.
Akasoma polepole, akinong'ona maneno yake mwenyewe
kama anayekuta nguo zake kwenye kamba ya jirani.
Kisha: "Wale ndugu wawili wa kule Ipole,
mzinga wa marehemu baba yao,
kila mmoja amechonga alama yake juu ya ile ya zamani.
Huo umeuandika wa nani?"

Nikapekua ruwaza zote kichwani.
Nikaandika pale pale, mbele yake: *bado*.
Akalamba kidole, akafunua kurasa za daftari hadi katikati,
akanionyesha mstari wa mwaka juzi.
Jina, alama, alama,
na mahali pa kilo, kwa wino uliofifia:
bado.